Je, ni Aibu Mwenye Ilimu Kurudi Katika Kauli Yake?

Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nami naliandika kwa kuwa sidhani limenipata peke yangu.

Katika baraza yetu, baada ya sala ya Isha, niliwahi kuwaeleza vijana khabari za nyota kama nilivyozisoma. Nikawaambia ya kwamba yale makundi makubwa ya nyota yenye umbo la yai, yaliyoko mbali mno mbinguni, ndiyo yaliyokuja mwisho; kwamba madogo yalitangulia, yakaungana moja baada ya moja, hata yakapatikana majitu. Niliyasema haya kwa kukata, kama mtu agawaye mirathi. Baadaye nikasoma ya kwamba majitu hayo yameonekana yamekwisha kukomaa zamani sana, karibu na mwanzo wa ulimwengu, wakati ambapo kwa maneno yangu hayakupasa kuwapo. Nikajua kuwa nimesema nisilolijua vyema. Lakini nilikaa majuma matatu nikienda barazani nisiseme kitu, na hapa ndipo penye aibu yangu. Kijana mmoja aliponiuliza, nikamgeuzia maneno. Siku niliyosema kweli, mzee mmoja wetu akacheka, akaniambia: "Mwalimu, jana ulisema hivi na leo wasema vile. Kesho tukuamini lipi?"

Swali lake si la kuchekwa. Mtu aliyesema neno mbele za watu, kisha ikamjia dalili ya kuligeuza, je, kurudi kwake ni upungufu, au ni katika amana ya ilimu? Na sisi tusikiao tumweke wapi? Ili tulijibu, sharti kwanza tujue yaliyotokea katika ilimu ya falaki juu ya majitu hayo, maana kadhi hahukumu kesi asiyoisikiliza.

Twauona utepe mweupe ukatao mbingu usiku wa giza, ambao Waarabu huuita Majarra. Ule ni jamii moja kubwa ya nyota, na jua letu ni nyota moja katika hizo, ambazo hazipungui milioni laki moja. Jamii kama hiyo wataalamu huiita galaksi, na galaksi ziko nyingi kupita kiasi. Maumbo yake mashuhuri ni mawili. Ziko zilizo bapa kama sinia, zenye mikono iliyojizungusha, kama hii yetu. Na ziko zilizo nene na laini, zisizo na mikono wala mapambo, nyengine mviringo kama mpira na nyengine zimerefuka kama yai. Hizi za yai ndizo tunazozitafuta. Kubwa zake ni majitu kweli kweli, na iliyo mashuhuri kuliko zote iko upande wa buruji ya Sunbula, nayo huandikwa M87. Nuru yake hutufikia baada ya miaka kiasi ya milioni 55.

Hapo pana jambo la kulifahamu sana. Nuru hukimbia kilomita kiasi ya 300,000 kwa kila sekunde moja, na juu ya hivyo itokayo juani hutujia baada ya dakika nane. Basi aangaliaye mbali huangalia zamani. Barua iliyoletwa na jahazi la kaskazi haisemi hali ya mwandishi siku uliyoifungua. Yasema hali yake siku aliyoitia muhuri. Huenda wasoma kuwa yu mzima, naye amekwisha kuzikwa. Galaksi ambayo nuru yake imesafiri miaka milioni elfu kumi twaiona ilivyokuwa wakati huo, na mwenye darubini ya kutosha aweza kusoma barua za zamani mbali mbali, mpaka za karibu na mwanzo wa ulimwengu, ambao kwa hesabu ya leo una umri wa miaka kiasi ya milioni 13,800.

Ama umri wa galaksi hujulikana kwa rangi. Nyota kubwa zina moto mkali na nuru ya buluu, nazo hujimaliza upesi, katika miaka milioni chache. Nyota ndogo ni nyekundu, na huishi maelfu ya mamilioni. Basi galaksi isiyokuwa na buluu ndani yake ni kama mtaa usiosikika kilio cha mtoto mchanga: wakaaji wamo, lakini hapazaliwi mtu tena. Na galaksi za yai nyingi ndivyo zilivyo, nyekundu, zimekoma kuzaa nyota tangu zama. Lakini wekundu peke yake si shahidi wa kuaminiwa. Vumbi nalo hufanya nuru iwe nyekundu, kama lifanyavyo jua likichwa. Tena ulimwengu wote watanuka, na nuru itokayo mbali huvutika njiani ikaelekea wekundu. Kwa hivyo shahidi huyu hana budi ahojiwe: nuru yake itandazwe rangi kwa rangi, ikasomwe mistari myeusi iliyomo ndani yake, ambayo hutofautisha kati ya uzee na vumbi, na hutujuza nuru hiyo imetoka mbali kiasi gani.

Sasa sikiliza walivyosema na walivyorudi.

Mwaka 1926 Mmarekani Edwin Hubble alizipanga galaksi kwa maumbo yake, akazitanguliza za yai na kuzifuatisha za mikono. Majina aliyozipa yalikuwa ya "mapema" na "baadaye", na watu wengi wakadhani ya kuwa galaksi huanza yai kisha ikaota mikono. Mwingereza James Jeans alikuwa na hesabu zake zilizoelekea huko. Hubble mwenyewe alitahadharisha kuwa majina yale si ya wakati, ila ni ya mpango tu. Lakini ni nani asomaye tahadhari ya mwandishi? Watu hushika jina, wakaacha maelezo.

Dhana hiyo aliivunja mtu ambaye hali yake ni ya kustaajabisha. Walter Baade alikuwa Mjerumani akifanya kazi katika darubini ya mlima Wilson, Marekani. Vita vya pili vilipokuja akahesabiwa raia wa adui, akazuiliwa kazi za kivita walizoitiwa wenziwe. Akabaki na darubini, na mji wa Los Angeles ulio chini ya mlima ukazimwa taa kwa khofu ya mashambulizi, mbingu ikawa nyeusi kuliko desturi. Katika giza hilo aliweza kuzipambanua nyota moja moja katika galaksi mbili ndogo za yai zilizo jirani ya galaksi kubwa ya Mar'a, ambayo wengine huiita Andromeda. Mwaka 1944 akatangaza ya kwamba nyota zake zinazong'aa kupita nyengine ni nyekundu, wala si za buluu: ni wazee. Basi yai halikuwa mtoto wa kuota mikono. Lilikuwa limekwisha kula umri wake.

Na katika ugunduzi huo huo likafunguka fundo jengine. Tangu 1929 Hubble alipodhihirisha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo ikimbiavyo kwa kasi zaidi, kwa vipimo vyake umri wa ulimwengu ulitoka kiasi ya miaka milioni 2,000 tu, na mawe ya ardhi yalikuwa yamekwisha kupimwa yakazidi hapo. Mwana alimzidi baba umri! Mwaka 1952, katika mkutano wa Roma, Baade alieleza ya kwamba nyota walizozifanya kipimo cha umbali ni namna mbili, nao wamezichanganya. Umbali wote ukawa ni mara mbili, na umri ukaongezeka. Mawe hayakuwa yamesema uwongo, bali kamba ya kupimia ndiyo iliyokuwa fupi.

Tangu hapo zikawa kauli mbili. Kauli ya kwanza, iliyopata nguvu kwa makala ya mwaka 1962 juu ya asili ya galaksi yetu hii, ilisema kwamba galaksi za yai zilitokana kila moja na wingu moja kubwa la mvuke lililojikunja kwa haraka hapo mwanzo, likazaa nyota zake takriban zote kwa mkupuo mmoja, kisha likatulia. Kauli ya pili aliileta Alar Toomre mwaka 1977: kwamba galaksi mbili za mikono zikigongana, mikono huvurugika, nyota zikatawanyika kila upande, na kitakachobaki ni yai. Mwaka wa pili yake Simon White na Martin Rees wakaeleza jinsi vitu vidogo vinavyokusanyika katika mada ya giza isiyoonekana, hata vikawa vikubwa. Kauli hii ikatawala. Na lazima yake ilikuwa wazi: majitu huja mwisho, na atazamaye mbali sana hatayaona ila kwa uchache. Hayo ndiyo niliyoyasoma, nikawaambia vijana.

Mwaka 1996 wataalamu waliotumia darubini ya Keck, Hawaii, wakaihoji nuru ya galaksi moja nyekundu ya mbali, wakasema ya kuwa nuru ilipoiacha galaksi hiyo, nyota zake zilikuwa na umri usiopungua miaka milioni 3,500. Na kwa hesabu waliyoipendelea wengi wakati huo, ulimwengu wenyewe ulikuwa haujafika miaka hiyo. Tena mwana akamzidi baba! Wako walioipima tena nuru ile wakaupunguza umri wake, na hoja zao hazikuwa dhaifu. Lakini mwaka 1998 majopo mawili, yakipima nyota zilizopasuka mbali sana, yalikuta kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunaongeza kasi, jambo ambalo wao wenyewe hawakulitazamia. Na ulimwengu wa namna hiyo ni mzee zaidi. Kwa hesabu ya leo, zama zile za galaksi ile ulimwengu ulikuwa umekwisha kupata miaka kiasi ya milioni 4,200. Mwana akarudi chini ya baba yake.

Mwaka 2004 zikatolewa khabari za galaksi kubwa na kongwe, si moja wala mbili, katika zama ambazo kauli ya pili ilizitarajia chache. Kisha, kati ya 2005 na 2008, likaonekana la ajabu zaidi: majitu hayo ya zamani yalikuwa na uzito mkubwa, lakini upana wake ulikuwa kama sehemu moja katika tano ya galaksi za leo zenye uzito kama huo. Hayakuwa kama mayai ya leo hata kidogo. Yalikuwa yamebanwa kama tende katika kanda. Basi yalikuaje hata yakawa hivi tuyaonavyo? Jawabu waliyokusanyika wengi juu yake ni kwamba kiini kilifanyika mapema na kwa haraka, karibu na ilivyosema kauli ya kwanza. Kisha galaksi ndogo ndogo zikawa zikimezwa, nyota zake zikabaki pembeni na kulitanua umbo, karibu na ilivyosema kauli ya pili. Hata M87 haijaacha desturi hiyo: mwaka 2015 ilitangazwa kuwa katika miaka milioni 1,000 ya karibuni ilimeza galaksi nzima, na alama zake zingali zaonekana katika mwenendo wa nyota za pembeni.

Na kwa nini zikakoma kuzaa? Hapa M87 yenyewe ni hoja. Mwaka 1918 Heber Curtis aliona mstari wa nuru ulionyoka ukitoka katikati yake, asijue ni kitu gani. Leo twajua watokana na shimo jeusi, lenye uzito wa majua kiasi ya milioni 6,500, ambalo sura ya kivuli chake ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019, zaidi ya miaka mia baada ya Curtis. Nguvu itokayo hapo huutia moto mvuke ulioizunguka galaksi. Na mvuke wa moto haujikunji ukawa nyota, kama maji yachemkayo yasivyogandisha samli.

Sasa nirudi kwa mzee wetu wa baraza. Sisi watu wa pwani hii wengi wetu ni wafuasi wa Imamu Shafi. Basi ni nani katika sisi asiyejua, au asiyepasa kujua, kwamba Imamu huyo ana kauli ya kale na kauli mpya? Alipokuwa Baghdad alitoa hukumu zake. Alipohamia Misri mwishoni mwa karne ya pili ya Hijra akazipitia tena, akaziacha nyingi na kusema nyengine, mpaka alipofariki mwaka 204. Hakuna mtu aliyesimama msikitini akasema: "Huyu jana alisema hivi, tusimfuate." Kurudi kwake kulihesabiwa katika uchaji wake. Tena wanavyuoni wa madhehebu waliokuja nyuma, katika mas-ala machache, waliona dalili ya kauli ya kale ina nguvu zaidi, wakafutu kwayo. Kauli ya 1962 juu ya majitu ilipata bahati kama hiyo: iliachwa, kisha sehemu yake ikarudiwa, si kwa mapenzi ya ukale bali kwa dalili.

Wala watazamaji wetu wa nyota wa zamani hawakuwa na desturi nyengine. Abdurrahman al-Sufi, aliyetunga kitabu chake cha nyota kiasi ya mwaka 964, alikuwa na jedwali za Batlamyus zilizoheshimiwa kwa karne nane. Angaliweza kuzinakili akasifiwa. Badala yake alizitazama nyota kwa macho yake, akazisahihisha ambapo nuru ya nyota haikuwafiki jedwali. Na katika kutazama huko akaandika khabari ya wingu dogo lililoko penye nyota za Mar'a, nalo ndilo galaksi ile ile ambayo Baade alizipambanua nyota za jirani zake karibu miaka elfu baadaye.

Lakini nisije nikaonekana nawasifu wageuzao maneno. Iko aina ya kurudi ambayo ni uovu, nayo ni ya mtu asiyesimama mahali. Mwezi wa Februari 2023, wataalamu wa darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, walitoa khabari za galaksi sita ambazo, ikiwa vipimo ni sawa, zilikuwa nzito mno kwa zama zao, miaka kiasi ya 500 mpaka 700 milioni baada ya mwanzo. Wenyewe waliziita zilizodhaniwa, bado hazijathibiti. Magazeti yakapiga kelele kuwa ilimu yote ya asili ya ulimwengu imeanguka, na katika baraza zetu wako waliofurahi kana kwamba wameshinda kesi. Mwaka huo huo moja katika hizo sita ilihojiwa nuru yake, ikaonekana kuwa iko karibu kuliko ilivyodhaniwa, na nuru yake sehemu kubwa ni ya shimo jeusi lililokuwa likila. Waliopiga kelele hawakurudi barazani kusema. Na hili, ndugu yangu, ndilo baya kuliko kukosea: kuichukua dhana ya mwenzio, ukaivisha joho la yakini asilolivisha yeye, kisha ikivunjika ukamcheka.

Nami nililitenda hilo hilo kwa upande wa pili. Vitabu nilivyosoma vilisema "kwa hesabu hii yaelekea". Mimi niliyaacha hayo "yaelekea" mlangoni, nikaingia barazani na maneno yaliyobaki. Kwa hiyo, nikiitazama dhambi yangu kwa insafu, haikuwa katika kurudi kwangu, wala katika kukosea kwa wataalamu. Ilikuwa katika siku ya kwanza, niliposema kwa kukata jambo ambalo wenyewe hawakulikata. Na katika yale majuma matatu, nilipojua na kunyamaza. Nilimdhulumu yule kijana aliyeniuliza, maana alikuja kwangu kutaka ilimu, akaondoka na kiburi changu.

Nilimwomba radhi. Kisha nikamsomea yaliyothibiti: kwamba mwaka 2023 ilihojiwa galaksi iitwayo GS-9209, ikaonekana ilivyokuwa miaka milioni 1,250 baada ya mwanzo, ina uzito wa majua kiasi ya milioni 40,000, nayo ilikuwa imekoma kuzaa nyota zaidi ya miaka milioni 400 kabla ya hapo. Mwaka 2024 ikaja khabari ya nyengine iliyo nzito zaidi ya hiyo, ambayo nyota zake nyingi zilizaliwa miaka milioni 1,500 kabla ya nuru tuionayo kutoka. Na mwaka 2025 ikatangazwa moja iliyokwisha kunyamaza ulimwengu ukiwa na miaka milioni 700 tu. Ni kitu gani kilichozizima upesi namna hiyo, wataalamu wangali wakishindana kwa hoja. Wengi wanalishika shimo jeusi, lakini kesi haijafungwa.

Mzee alikuwa akisikiliza, huku akizungusha tasbihi yake. Nilipomaliza hakucheka. Aliniuliza: "Na hiyo ya mwisho ni ya mwaka gani, ulisema?" Nikamwambia, 2025. Tangu usiku ule, kila nikitaja khabari ya nyota, huutaja na mwaka wake. Na nikisahau, yeye huniuliza.